Baada ya wimbo wa tatu

Kwenye matamasha makubwa kuna sheria ambayo kila mpiga picha wa muziki anaijua: nyimbo tatu za mwanzo, bila flashi, kisha unatoka. Mnabanana kwenye ule uchochoro kati ya jukwaa na uzio, kila mmoja anaondoka na picha ileile ya mwimbaji ambaye uso wake bado mkavu. Wimbo wa tatu ukiisha, baunsa anawagusa mabega.

Nilifanya kazi hivyo miaka minne. Usiku mmoja, nikiwa kwenye korido na kamera shingoni, nikasikia ukumbi mzima ukilipuka nyuma yangu. Ulikuwa wimbo wa nne, ule watu walioujia. Machozi yalinilenga. Nilijua kwamba ninachokitaka kiko kule ndani, na mimi ndiye ninayekiacha.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kutafuta namna ya kubaki. Jim Marshall, Mmarekani aliyempiga picha mwimbaji Johnny Cash kwenye gereza la San Quentin, California, mwaka 1969, alikuwa anakataa kazi asipopewa ruhusa ya kuingia kila mahali. Mimi sikuwa na jina la kudai hivyo. Nikahamia kumbi ndogo, nikawa nafika bendi inapojaribu vyombo, nabeba spika na wenzangu, kamera nikiiacha begini saa nzima ya kwanza. Watu wakikuzoea bila kamera, hawashtuki ikitoka.

Mpiga gitaa la besi wa bendi moja ndiye aliyenifundisha kutazama. Kabla ya kupanda jukwaani hufunga plasta vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, taratibu kama mtu anayefunga zawadi. Ikipita saa saba usiku, plasta imelowa jasho na kujikunja ukingoni. Anaing'oa kwa meno kati ya wimbo na wimbo, anaitema pembeni, anaendelea na vidole vitupu. Nilikosa tukio hilo mara tano. Mara ya sita nilikuwa nimechuchumaa karibu na ngoma kubwa, lenzi ya milimita 35, kasi ya shata (pazia la kamera) 1/60 ya sekunde, ISO 3200, yaani kamera imeongezwa wepesi wa kuhisi mwanga. Picha ina chenga tele na taa nyekundu imekula nusu ya uso wake. Naipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Hizo taa nazo ni shule yake. Taa za LED hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni, lakini ukitumia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalosogea, unarudi nyumbani na picha zilizokatizwa na mistari ya giza. Nilipoteza onyesho zima hivyo, picha mia tatu na zaidi. Sasa natumia shata ya kawaida na sipandishi kasi ovyo. Wachezaji wa dansi nawapiga kwa flashi ndogo, shata ikibaki wazi moja ya nane ya sekunde: flashi inamgandisha mtu, na taa za ukumbi zinachora nyuzi kumzunguka. (Na vaa vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza. Sikio langu la kushoto linalia hadi leo.)

Mwalimu wangu mkubwa sikuwahi kukutana naye. Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, miaka ya 60 alikuwa akizunguka sherehe za vijana kwa baiskeli, usiku mmoja sherehe kadhaa. Akirudi studio anasafisha filamu usiku uleule, kisha anabandika picha ndogondogo kwenye karatasi ngumu ili vijana waje kujitafuta na kuchagua. Ile ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana wa suti na msichana aliye pekupeku, vichwa vimeinamiana hadi kukaribia kugusana, inaonyesha kwamba aliyeipiga hakuwa mgeni pale. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kazi ya maisha yote, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mpiga picha wa kwanza kuheshimiwa hivyo. Mimi bado narudi kwenye zile karatasi zake. Picha zilirudi kwa wenyewe.

Nami nikaanza kuchapa picha ndogo na kuzirudisha ukumbini kwenye bahasha. Nilichukua hatua hiyo baada ya ukumbi mmoja kuitia picha yangu kwenye bango bila kuniuliza, wala kumuuliza dada aliyekuwa ndani yake akicheza macho yamefumba. Alinifuata mimi, si wao, na alikuwa na haki, maana ni mimi aliyeniruhusu kumkaribia. Siku hizi mkataba wangu unakataza jambo hilo kwa maandishi, na mtu akiniambia "futa", nafuta akiona.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mpiga besi nyuma ya jukwaa, chini ya taa hafifu, anahangaika kutafuta ncha ya plasta. Macho yake yameanza kupungua nguvu. Kamera ilikuwa tayari mkononi mwangu. Akaninyooshea vidole viwili bila kusema neno, nikaiweka juu ya kasha la gitaa, nikamfunga.