Figo mpya na saa ya dawa

Machi 2024 madaktari wa Boston walimpandikiza mtu aliye hai figo ya nguruwe iliyofanyiwa mabadiliko 69 ya jeni. Sawa, ni hatua kubwa. Ila huku Nairobi figo hutoka kwa ndugu aliye hai, na kinachoweza kuipoteza ni kitu kidogo tu: saa ya kumeza dawa.

Tuanze na takrolimasi, dawa inayoituliza kinga ya mwili isiishambulie figo mpya. Kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12, tuseme saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Siku ya kupima kiwango chake, usimeze ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Ibebe mfukoni, umeze ukishatolewa. Ukitangulia kuimeza, kipimo kitapanda bure, daktari atapunguza dozi, na kinga ya mwili itaanza kuishambulia figo kimyakimya. Kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, hupanda hata kabla hujahisi lolote.

Balungi, achana nalo kabisa. Klarithromaisini (antibiotiki) na flukonazoli (dawa ya fangasi), ambazo hazikosekani kwenye duka la dawa mtaani, hupandisha takrolimasi hadi mikono itetemeke na figo yenyewe iumie. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: ini huivunja takrolimasi haraka, na dozi huenda ikaongezwa mara kadhaa. Hatari nyingine, inayosahaulika mno, huja rifampisini inapoisha. Ini hurudia mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na mgonjwa bado anameza ile dozi kubwa. Omba upimwe damu mara kwa mara wiki hizo.