Safu zilizoandikwa "bado"

Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya takwimu hapa Mombasa, nilikabidhiwa jedwali la watu waliopimwa nyumba kwa nyumba jeni iitwayo TCF7L2, ambayo tangu mwaka 2006 inajulikana kuhusiana na kisukari cha aina ya pili, nami nikatakiwa kueleza kama wenye aleli ya hatari, yaani umbo la jeni hiyo linaloongeza uwezekano wa kuugua, hugunduliwa kuwa na ugonjwa huo mapema kuliko wenzao. Penye umri wa kugunduliwa, wagonjwa walikuwa na namba. Wengine wote waliandikiwa neno moja tu, "bado". Kwa kuwa programu haikulielewa neno hilo, nilizifuta safu zao na kulinganisha wastani wa umri wa wagonjwa peke yao. Tofauti niliyopata haikuwa na uzito wowote.

Mwalimu wangu alilitazama jedwali la awali, akaweka kidole kwenye safu moja. "Mwanangu, huyu mzee wa miaka 78 asiye na sukari umempeleka wapi?" Mzee huyo hakuwa na hata nakala moja ya aleli ile, na miaka yake yote 78 ya salama ilikuwa ushahidi nilioutupa.

Nikaanza upya kwa mbinu aliyoitoa mwanatakwimu David Cox mwaka 1972, ambayo katika kila umri humlinganisha aliyegunduliwa na wote waliofikia umri huo wakiwa bado wazima. Asiyeugua huhesabiwa mpaka siku aliyoonwa mara ya mwisho, kisha hutoka bila kudaiwa kuwa hataugua kamwe. Ndugu wa nyumba moja, kwa kuwa wanagawana jeni na chakula, niliwaweka katika kundi moja ili makadirio ya kosa yasipungue kwa uongo.

Kilichonichosha zaidi ni umri wenyewe. Namba 40, 45 na 50 zilijazana kupita kiasi, maana watu walikuwa wakikadiria. Nilirudi mtaa wa Majengo kwa bibi mmoja, akanijibu, "Sukari ilinishika ile mvua ya Elinino," na kwa jibu hilo nikapata 1997 au 1998, ambayo ni bora kuliko "hamsini hivi". Hata hivyo mwaka huo ni wa kupimwa tu, kwani ugonjwa huenda ulimwanza zamani. Kwa hiyo kila nilipopata tarehe ya kipimo cha mwisho kilichokuwa safi, niliandika muda kati ya vipimo viwili badala ya namba moja.

Safu za "bado" zote zimerudi jedwalini, na mzee wa miaka 78 ameandikiwa sifuri kando ya umri wake, maana yake hajagunduliwa kuwa na ugonjwa.