Kumfuata Oliver Optic, Boston mpaka Bellingham

Wengi wakienda Boston wanaenda kuona mambo ya uhuru wa Marekani, ile chai iliyomwagwa baharini na kadhalika, mimi nilimfuata mwalimu mmoja wa shule anaitwa William Taylor Adams. Kwenye vitabu alijiita Oliver Optic, na watoto wa karne ya 19 kule walikuwa wanamsoma balaa. Vitabu zaidi ya 100 jamani, bado hadithi fupi za magazetini!

Nikaanzia Washington Street, katikati ya mji, maana baba yake mzee Laban Adams alikuwa na hoteli hapo, Adams House. Hoteli haipo tena, ni maduka tu na watu wanapishana, ila nilisimama kidogo nikiwaza kijana anayelelewa na baba mwenye nyumba ya wageni anasikia stori za wasafiri wangapi, mimi naamini kiu yake ya safari ilianzia huko.

Nikapanda treni ya Red Line, upande wa Ashmont, nikashuka Savin Hill. Hapo ukitembea kidogo tu uko baharini, mashua ndogo zimefungwa zinachezacheza na maji, kamba zinagonga milingoti ngo ngo ngo, upepo mkali mpaka macho yanatoa machozi. Hapa ni Dorchester, sehemu ya Boston, ndo Adams alikoishi na kufundisha, na kitabu kilichomtoa, The Boat Club cha miaka ya 1850, kinahusu wavulana wanaopewa mashua ziwani wakajifunza kupiga makasia kwa pamoja na kutii kiongozi wao. Ukiisoma unaona kabisa huyu ni mwalimu, anawajua wanafunzi wake, nani mkorofi nani mwoga. Alifundisha kama miaka 20 huku anaandika, na mwaka 1865 ndo akaacha kazi ya ualimu akabaki na kalamu. 1869 akaingia hadi bunge la jimbo la Massachusetts.

Kutoka hapo nikaenda Fields Corner, siku hizi kumejaa Wavietnam, nikala supu yao ya tambi ya moto nikashiba, halafu nikarudi mjini South Station kuchukua treni ya kwenda Forge Park maana Bellingham, alikozaliwa 1822, haina stesheni yake, ukishuka hapo unamalizia kwa gari. Ni mji mdogo umetulia, miti mingi, wala hakuna cha ajabu sana cha kuona.

Ila ile treni ndo ilikuwa na faida, nilisoma Outward Bound, kitabu chake kingine, njia nzima kwenye simu. Wavulana wa kitajiri walioshindikana, wanaiba matunda ya bwana mmoja Lowington, na huyo Lowington badala ya kuwachapa tu anakuja na wazo la shule ndani ya meli, yaani wanafunzi ndo mabaharia, asubuhi darasani, zamu ikifika unapanda mlingoti, na meli inavuka bahari kwenda Ulaya. Adams mwenyewe alisafiri Ulaya kwanza ndo akaanza kuandika mfululizo wa vitabu vya hiyo shule ya melini, na mimi hilo namheshimu sana, hakutaka kuwadanganya watoto kuhusu nchi za watu.

Mwaka 1875 Louisa May Alcott, yule mwandishi wa Little Women, alivisema vibaya vitabu vya aina hii ndani ya kitabu chake Eight Cousins, kwamba lugha ni ya mtaani na mambo yenyewe hayawezekani, na Adams akamjibu kwenye gazeti lake. Alcott namkubali ila hapa niko na mwalimu. Mtoto asiyependa kusoma huwezi kumvuta kwa kitabu kilichopoa, mpe kwanza meli na dhoruba, hayo mengine yatafuata.

Alifariki Machi 1897, hapo hapo Dorchester. Vitabu vyake vingi viko bure intaneti, haki miliki ilishaisha, na kama una kijana wa darasa la saba anayeelewa Kiingereza muanzishie na Outward Bound, The Boat Club ije baadaye maana mwanzo wake unaenda taratibu.