Kutwa Nzima na Gemu Nisiyoicheza

Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya chai na vitumbua, nilikuwa mbele ya kompyuta hapa nyumbani, Bagamoyo. Jirani yangu amekwisha kuwatangazia watu kwamba mimi hulipwa kwa kucheza gemu, na laiti ingekuwa hivyo. Mimi ni mshauri wa utamaduni: studio hunitumia mazungumzo ya wahusika, michoro na sauti zilizorekodiwa, nami huandika katika jedwali ni wapi watu wa pwani wameonyeshwa wasivyo. Situngi hadithi wala sina uwezo wa kuzuia chochote. Nalisema hili kwa sababu mwaka 2024 orodha moja ya kuwaonya wachezaji katika Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliyotaja gemu zilizopitia mikononi mwa Sweet Baby Inc., kampuni ya ushauri ya Montreal, ilipata wafuasi zaidi ya laki mbili, na tangu hapo wako wanaoamini kwamba rungu tunalo sisi. Rungu analo mkurugenzi wa gemu, pamoja na anayemlipa.

Kuanzia saa tatu hadi saa sita nilijaza jedwali. Gemu ni ya studio moja ya Kanada, na sura yake moja inatokea Bagamoyo ya mwaka 1872, lakini bendera ya Wajerumani inapepea miaka 16 kabla ya kampuni yao kuja kushika utawala wa pwani hii, na mzee mwenye mvi anamwamkia kijana shikamoo.

Saa saba nilishuka ufukweni kumwonyesha fundi wa majahazi mchoro uliokuwa ukinitia shaka.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu.” Aliitazama simu, akacheka. “Hili si jahazi, hii ni shuka imeanikwa. Tanga la mraba lilikuwa la mtepe, tena la mkeka.”

Kumbe mchoraji hakubuni. Alichanganya vyombo viwili, jahazi na mtepe, chombo cha zamani cha pwani, na hilo nililiandika kwa heshima.

Kikao kilianza saa moja usiku, kwao saa sita mchana. Ajenda ilikuwa na mambo tisa, nasi tukakwama kwenye la kwanza. Nahodha anamwambia mchezaji, “Njoo bandarini saa nane usiku.” Aliyefasiri alichukua nane ya Kiingereza akaipachika kwenye saa ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo mchezaji wa Tanga au Mombasa atafika saa sita nzima baada ya chombo kung'oa nanga. Nilikuwa nimeliandika hilo wiki tatu kabla. Mwandishi wao alijibu kwamba saa iliyo kwenye kioo inaonyesha 8:00, na kwamba “saa mbili” itawababaisha wanaosoma tafsiri ya chini. Nikaeleza upya. Bando likaisha katikati ya sentensi, nikanunua jingine, nikarudi nikawakuta wakijadili kama jua huchomoza saa ileile mwaka mzima. Huku kwetu, karibu na ikweta, halipishani sana. Nikaeleza na hilo. Kisha msimamizi wa fedha akasema kwamba sauti imekwisha kurekodiwa, na kumrudisha mwigizaji ni gharama. Hapo nilinyamaza, kwa maana hiyo ndiyo hoja inayotushinda siku zote: tunaitwa nyumba ikiwa imeshaezekwa. Wazee wa Iñupiat wa Alaska walishirikishwa katika gemu ya Never Alone, iliyotoka mwaka 2014, tangu hadithi ilipokuwa ikitungwa, na kila ninapokaa katika vikao vya namna hii huwaonea wivu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipopata la kusema; ninachokumbuka ni kwamba chai ilikuwa baridi na mgongo ukiniuma. Nikapendekeza nahodha aseme “Njoo bandarini baada ya isha.” Hakuna namba ya kugombana na kioo, na ndivyo nahodha wa hapa angesema. Mwandishi alicheka, nadhani kwa kufurahi. Msimamizi wa fedha akaonelea kwamba mwigizaji akirudi kwa jambo jingine, sentensi hiyo ichomekwe. Mambo manane yaliyobaki yakasogezwa hadi Alhamisi.

Kabla sijazima kompyuta nilifungua jedwali nione wameandika nini kwenye safu ya majibu. Wameandika: “Inasubiri.”