Ganda la zabibu la Gualtallary

Basi lilitushusha Tupungato, mkoani Mendoza nchini Argentina, asubuhi, mwanzoni mwa Aprili, baridi ikiuma masikio. Mimi ni mtoto wa Dodoma, nimekua kati ya mizabibu, lakini shamba la zabibu lenye theluji mlimani nyuma yake sikuwahi kuliona. Milima ya Andes ilijaa upande wote wa magharibi, nasi tulikuwa bado tunapanda, hadi Gualtallary, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari.

Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Mzee mwenye shamba alichuma punje moja ya Malbec, aina ya zabibu nyeusi ya mvinyo, akaniwekea kiganjani.

"Usimeze haraka. Tafuna ganda."

Nikatafuna. Utamu ulipita, ukabaki ukakasi ulioshika ulimi na fizi kama nimeng'ata bibo. Vidole vyangu viligeuka zambarau ya kukaribia weusi, na kunawa hakukusaidia.

Mzee akaeleza. Huku juu jua ni kali kuliko bondeni, na zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda. Rangi na ukakasi wa mvinyo vinatoka humo gandani. Usiku baridi inashuka kwa kasi, kwa hiyo tunda linaiva bila kupoteza uchachu wake. Kisha akainama, akachimbua jiwe la mto lililogandamana na chokaa nyeupe. Mizizi inapenya katikati ya mawe ya namna hiyo.

Mbegu yenyewe ni mgeni. Kwao ni Cahors, kusini magharibi mwa Ufaransa, ambako inaitwa pia Côt. Mfaransa Michel Aimé Pouget, mtaalamu wa kilimo, aliileta Mendoza mwaka 1853, wakati Domingo Faustino Sarmiento, aliyekuja kuwa rais wa Argentina, akihimiza kuanzishwa kwa shule ya kilimo. Baadaye mizabibu ya Ufaransa ikashambuliwa na kidudu kinachofyonza mizizi, na baridi kali ya Februari 1956 ikaua karibu mashamba yote ya Cahors. Nilipofikiria hayo nikiwa nimesimama kwenye mistari ile mirefu yenye afya, nilihisi furaha ya kweli kwa ajili ya mmea.

Mvua hapa ni haba, kama milimita 200 tu kwa mwaka. Maji ni ya theluji iliyoyeyuka. Jijini Mendoza nilikuwa nimeiona mifereji ikipita kando ya barabara chini ya miti, kazi iliyoanzwa na Wahuarpe, wenyeji wa asili, kabla ya Wahispania kufika. Mvua ya mawe ndiyo inayoogopwa, na ndiyo maana mashamba mengi yamefunikwa nyavu.

Mchana alinimiminia glasi mbili. Ya kwanza ilitoka Luján de Cuyo, chini kidogo, kama mita 1,000: laini, nzito, yenye ladha ya plamu iliyoiva sana. Ya pili ya hapo shambani ilinukia maua, ikachangamsha mate pembeni mwa ulimi. Niliipenda hiyo ya pili kuliko mvinyo wowote niliowahi kuonja.

"Kwenu mnavuna lini?" akauliza.

"Mara mbili kwa mwaka."

Akaweka chupa chini. Akataka kujua Dodoma iko juu kiasi gani. Nikamwambia kama mita 1,100.

"Na usiku?"

"Julai tunajifunika blanketi."

Akaniongezea glasi, akavuta kiti karibu, akaanza kuniuliza habari za udongo.