Umerudi kugombea?

Tangu nirudi Mumias kutoka Edinburgh, watu wananiuliza mambo mawili: nagombea kiti gani, na mke ni binti wa nani. Mjomba huyauliza kwa pumzi moja. Kwake, anayetoka ughaibuni akitaka kiti huanza kwa kutafuta wakwe wazito.

Nikamsimulia Perkin Warbeck. Kijana wa Tournai huyo, mji ulio Ubelgiji ya leo, alitokea Ireland mwaka 1491, ikadaiwa ndiye Richard, mwana mdogo wa Mfalme Edward wa Nne wa Uingereza, aliyepotelea Mnara wa London. Alikitaka kiti cha Henry wa Saba, mfalme wa Uingereza wakati huo. Ufaransa ikampokea, ikapatana na Henry mwaka 1492, ikamtoa. Margaret wa Burgundy, dada yake Edward, akamkubali kama mpwa. (Mjomba aliguna hapo.) Ndipo James wa Nne wa Uskoti, mwaka 1496, akamwoza Katherine Gordon, binti wa mkabaila wa Huntly na jamaa yake mwenyewe. Hata vazi la harusi lililipwa na hazina ya mfalme.

“Kumbe huyo ndiye aliyetolewa mahari,” mjomba akasema.

Septemba mwaka huo wakavuka mpaka na jeshi. Hakuna Mwingereza aliyejiunga nao, wakarudi baada ya siku chache. Mwaka uliofuata James akamsafirisha kwa meli, akatua Cornwall, akakamatwa. Alinyongwa Tyburn Novemba 1499.

Mama akauliza binti wa watu aliishia wapi. Henry alimweka kwa malkia wake, Elizabeth, ambaye madai yale yangekuwa kweli angekuwa wifi yake hasa! Akaolewa mara tatu tena, akafariki mwaka 1537. James naye? Mwaka 1503 alimwoa Margaret, binti wa Henry, na kitukuu chao ndiye aliyeirithi Uingereza mwaka 1603. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akageukia ya kwetu, kama nilivyotarajia. Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga wa huku kwetu, naye alishika mkono wa Waingereza, na mwaka 1895 bunduki zao zikawapiga Wabukusu kule kwenye ngome ya Chetambe. “Lakini Mumia walimkuta kwake, ana watu na boma. Huyo wenu alibebwa mgongoni.”

Hoja nzito, nakubali. Ila nilipomkumbusha kwamba Waingereza hao hao ndio waliomstaafisha Nabongo miaka ya 1920, alivuta sahani ya kuku upande wake, akasema firigisi haiachiwi mtoto mbishi.