Siku moja Lamu nikiisaka sesheni inayopotea

Saa 1 asubuhi. Nafungua kompyuta kabla joto halijapanda. Kazi ya leo ilinifikia jana usiku kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mwenye nyumba ya wageni kule Shela: "Mwanangu, wageni wanalipa kwa kadi, pesa zinaingia, halafu tovuti inawaambia waingie upya kwenye akaunti. Mmoja kalipa mara mbili." Hilo la kulipa mara mbili limeninyima usingizi. Mgeni hajakanyaga Lamu, tayari anatuona matapeli.

Saa 2. Mahamri kwa mbaazi, na logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi lililoifikia tovuti. HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, haina kumbukumbu: kila ombi hufika kama la mtu asiyejulikana. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki za wavuti, vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari huhifadhi na kuvirudisha kwa tovuti. Katika PHP, lugha iliyotumika kuandika tovuti hii, kuki hubeba namba ya sesheni tu, yaani ya ziara moja ya mgeni kwenye tovuti. Habari za mgeni hukaa kwenye seva. Mshukiwa wangu wa kwanza ni muda wa sesheni, ambao PHP huuweka sekunde 1440, yaani dakika 24. Lakini logi zinaonyesha watu wakipotea hata robo saa haijafika. Namwacha huyo.

Saa 4. Naingia, nachagua chumba, nalipa kwa kadi ya majaribio. Inakubali. Narudia, inakubali tena. Wengi hufunga malalamiko hapa na kuandika "tatizo halipo". Mimi naamini mtumiaji akisema ametolewa, ametolewa kweli, na kazi yangu ni kuona alichokuwa akifanya.

Saa 5. Boti kutoka gatini, hadi Shela. Namwomba kijana wa mapokezi ajifanye mgeni, mimi nikae kimya. Anasoma habari za kila chumba. Anatafuta pasipoti aandike namba yake. Anainuka kumjibu mtu mlangoni, anarudi, analipa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, anarudishwa kwetu: "Tafadhali ingia." Tunajaribu kwa iPhone ya mama, mwendo uleule wa taratibu, inapita vizuri. Hapo moyo unanidunda, kwa sababu sasa kuna tofauti mbili za kushika: kivinjari na muda.

Nafungua zana za wasanidi kwenye Chrome, kivinjari alichotumia kijana. Ombi linalomrudisha mgeni kutoka kwenye ukurasa wa malipo ni POST, aina ya ombi linalopeleka data kwenye seva, na halina kuki hata moja.

Saa 7 mchana. Sasa yote yanaungana. Tangu toleo la 80, Februari 2020, Chrome ilianza kuichukulia kuki isiyotajwa SameSite (kanuni ya lini kuki isindikize maombi yanayotoka tovuti nyingine) kama Lax: haisindikizi ombi la POST linalotoka tovuti nyingine. Ila iliacha mwanya, kwamba kuki iliyozaliwa chini ya dakika 2 zilizopita iruhusiwe. Ninayejaribu haraka hupita kwenye mwanya huo. Mgeni anayesoma kwa utulivu kabla ya kutoa pesa zake hubaki nje. Safari, kivinjari cha iPhone, haina kanuni hiyo ya kuki zisizotajwa, ndiyo maana iPhone ilipita.

Kuna la pili, nalo ndilo baya zaidi. Ukurasa wetu wa marejeo, unaompokea mgeni akirudi kutoka kulipa, unaita session_start, amri ya PHP ya kufungua sesheni. PHP isipoona kuki huanzisha sesheni mpya na kutuma kuki mpya, ambayo inafuta ile ya zamani kwenye kivinjari. Hata mgeni akirudi ukurasa wa mwanzo, hajulikani tena.

Saa 8. Wali wa nazi na samaki, kisha marekebisho. Njia ya mkato ni kuandika SameSite=None pamoja na Secure, yaani kuiachia kuki isindikize maombi kutoka popote, mradi muunganisho umesimbwa. Naikataa. Kuki ya kuingilia ingefuata maombi ya tovuti yoyote, na mfumo huu hauna tokeni, yaani namba za siri, za kuzuia maombi ya kughushi. Badala yake, ukurasa wa marejeo haugusi sesheni kabisa. Unahakiki saini ya kampuni ya malipo, unaandika kwenye hifadhidata kwamba namba hii ya nafasi imelipwa, kisha unamwelekeza mgeni kwa jibu la 303 kwenye ukurasa wa kawaida wa GET, ombi la kuufungua ukurasa tu. Kuki ya Lax hukubali safari hiyo, na sesheni yake ya zamani iko palepale. Kwenye usanidi naitaja Lax waziwazi, ili ule mwanya wa dakika 2 usimdanganye msanidi mwingine. Na nafasi iliyokwisha kulipwa haionyeshi tena kitufe cha kulipa.

Saa 10 alasiri. Naweka toleo jipya. Kijana anaingia, tunakunywa chai bila haraka, ndipo analipa. "Karibu, nafasi yako imethibitishwa." Jina lake lipo juu ya ukurasa.

Saa 11. Nakaa na mama tupitie malipo ya mwezi mzima, tumtafute kila aliyekatwa mara mbili. Tumempata mmoja zaidi, ambaye hakuwahi kulalamika. Mama anampigia sasa hivi, nami naandika ombi la kurudishiwa pesa zake.